Moto na Akili: Tunajifunza Nini kwa Blaise Pascal?

Maandiko ya kusoma: Mathayo 22:34-40, Matendo 17:16-34



Naanza somo hili kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita, dada mmoja kijana wa ushirika wetu alirudi likizo kutoka chuo kikuu, ambako alikuwa akisomea falsafa. Ibada ilipokwisha alinifuata nje akaniuliza, “Mwalimu, tunajuaje kwamba Mungu yuko kweli? Ama tunaamini tu kwa sababu tulizaliwa tukakuta wazazi wanaamini?” Badala ya kumsikiliza, nilimkemea. Nilimwambia maswali kama hayo yanatoka kwa adui, aende afunge na kuomba. Hakunijibu. Jumapili iliyofuata hakuja, na mpaka leo hajarudi.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma kidogo kidogo mambo anayofundishwa, nielewe swali lake lilitoka wapi. Huko ndiko nilikokutana na Mfaransa anayeitwa Blaise Pascal. Waliosoma fizikia wanalijua jina hilo, kwa maana presha hupimwa kwa kipimo kiitwacho paskali. Pascal alikuwa Mkatoliki, na sitamfanya mmoja wetu kwa nguvu. Lakini maisha yake yalinihukumu.

Alizaliwa mwaka 1623, na mama yake akafa angali mtoto mdogo. Kabla hajafikisha miaka 20 alianza kuunda mashine ya kupiga hesabu, apate kumsaidia baba yake aliyeshughulika na kodi za serikali. Mwaka 1648 alimwomba shemeji yake apande mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa zebaki. Kadiri alivyopanda, ndivyo zebaki ilivyoshuka, na kwa njia hiyo ikaonekana kwamba hewa ina uzito na kwamba hupungua ukienda juu. Katika mwaka 1654 alikuwa akiandikiana barua na Fermat, wakitafuta hesabu ya bahati katika michezo ya kamari. Huyo hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

Kisha ikaja Jumatatu, tarehe 23 Novemba mwaka huohuo wa 1654. Kuanzia kama saa nne na nusu usiku hadi saa sita na nusu, Mungu alimtembelea. Alichukua karatasi akaandika yaliyompata, na neno moja linasimama peke yake juu ya mengine: Moto. Aliandika juu ya uhakika, amani na machozi ya furaha. Aliandika pia kwamba aliyekutana naye ni Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, si yule wa wanafalsafa na wasomi. Karatasi ile hakuitangaza popote. Aliificha kwa kuishona ndani ya vazi lake, na ilipatikana alipokufa mwaka 1662, akiwa na miaka 39.

Sasa hapa wapendwa, tuwe makini. Ni rahisi kusema, “Mnaona? Alipookoka aliachana na falsafa!” Sivyo ilivyokuwa. Miaka minne baada ya usiku ule alikuwa bado akipiga hesabu ya mstari unaochorwa na msumari ulio ukingoni mwa gurudumu linapobingirika. Katika mwaka wake wa mwisho alisaidia kuanzisha magari ya farasi ya kubeba abiria mjini Paris, yenye njia na nauli maalum kama matatu zetu, na alitaka sehemu yake ya mapato isaidie maskini. Akili yake haikuungua katika moto ule. Ilipata Bwana mpya.

Jambo la kwanza: Mungu si hoja tu. Pascal alimlaumu mwanafalsafa Descartes kwamba Mungu wake ana kazi moja, kuanzisha mwendo wa dunia, halafu hahitajiki tena. Ni kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Likishawaka, dereva anaenda zake. Tusiwacheke wasomi hapo, maana hata sisi tuliojazwa Roho tunaweza kumtafuta Mungu atusukume tupate kazi, visa au mchumba, na gari likiwaka tunamwacha barabarani.

Jambo la pili: imani si beti. Umewahi kusikia mhubiri akisema, “Ukiamini na kumbe Mungu hayuko, umepoteza nini? Lakini usipoamini na kumbe yuko, umepoteza yote.” Mzizi wa hoja hiyo ni Pascal. Ila mara nyingi tunaikata katikati. Yeye aliielekeza kwa watu walioelewa lugha ya kamari, kuwaonyesha kwamba kukataa kuchagua nako ni kuchagua. Na yule anayesema, “Nataka kuamini lakini siwezi,” alimshauri aanze kutembea katika njia waliyopita waamini, tamaa zake zipungue na moyo ulainike. Kwa hiyo hoja ile ni ya kumwinua mtu aliyekaa kitako. Haitoshi kuwa wokovu. Siku hizi vijana wetu wanabeti kwa simu usiku kucha. Tukiwahubiria kwamba Yesu ni beti kubwa kuliko zote, tutapata wachezaji, hatutapata wanafunzi.

Jambo la tatu: kuna makosa mawili, si moja. Maandishi ambayo Pascal hakuyamaliza yalichapishwa mwaka 1670, kwa jina la Pensées, yaani Mawazo. Humo anaonya juu ya kosa la kuifukuza akili, na juu ya kosa la kutokubali kitu kingine ila akili. Chuoni wanaweza kuanguka katika hilo la pili. Mimi pale nje ya kanisa nilianguka katika la kwanza, tena nikaliita imani.

Bwana wetu alipoulizwa amri iliyo kuu, alitaja moyo, akataja roho, akataja na akili. Hakusema akili ibaki mlangoni pamoja na viatu. Naye Paulo kule Athene alijadiliana na Waepikureo na Wastoiko, akawajibu kwa kutumia hata maneno ya washairi wao. Wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikia tena siku nyingine, na wengine wakaamini, akiwemo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Je, Paulo angewakemea wote kama nilivyofanya mimi, Damari angeamini lini?

Si ati kila swali ni safi. Kuna wanaouliza ili wakimbie toba. Lakini huwezi kuwatofautisha kabla hujawasikiliza. Na ukishasikiliza, si lazima uwe na jibu papo hapo. Waweza kusema, “Sijui, tutafute pamoja,” halafu mwombe pamoja vilevile, kwa sababu hoja peke yake haiwashi moto.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule dada nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Asante, Mwalimu. Lakini lile swali bado ninalo.” Nikamwambia alilete. Tumepanga kuonana akija likizo. Naomba mniombee.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni swali gani kuhusu Mungu uliwahi kuogopa kuliuliza kanisani? Uliogopa nini?
2. Kati ya makosa mawili aliyoyataja Pascal, ushirika wetu uko karibu zaidi na lipi?
3. Taja kijana mmoja aliyeacha kuja. Nani atamtafuta wiki hii, na atamsikiliza kwa muda gani kabla ya kumjibu?

Tuombe: Bwana, washa moto wako mioyoni mwetu, na utakase akili ulizotupa. Utusamehe kwa wale tuliowafungia mlango wakiwa wanabisha. Katika jina la Yesu, Amina.