Vita vya Kagera na vijiji vya Bariadi

SWALI: Nasoma sosholojia, kwetu ni Bariadi. Nataka kuandika jinsi vita vya Kagera vilivyobadilisha vijiji vyetu. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na wanamgambo wakarudi vijijini. Bidhaa ziliadimika, silaha zikazagaa, wizi wa ng'ombe ukashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakajipanga kujilinda kwa pinde, mishale na filimbi, ndio sungusungu hao. Waulize wazee: nani alishika zamu, nani alitozwa faini, nani alifukuzwa kwa kuitwa mchawi? Wanawake usiwaruke. Nyaraka zitafute Shinyanga pia, maana Bariadi ilikuwa huko. Mkoa wa Simiyu, ambamo Bariadi imo sasa, ulianzishwa 2012.

Kuhusu kutafiti vita, jifunze pia kutoka Ukraine, iliyovamiwa na Urusi. Tangu 2022 watafiti wa Kyiv wanahoji watu kwa simu za mkononi, lakini waliokimbilia nje na walio katika maeneo yaliyotekwa ni vigumu kuwafikia. Nawe kabla ya kuhitimisha, orodhesha usiowafikia, waliohama na waliofukuzwa, na useme hivyo kwenye tasnifu yako.