Madodoso Manne Yaliyobaki



Leo tujifunze uaminifu, na mfano ni mimi mwenyewe.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Ni chuo cha umma, na kazi zake ni tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Ndiyo maana sisi wanafunzi huwa tunapata vibarua vya utafiti. Mwaka wa pili nilipata kimoja: kupita nyumba kwa nyumba na kujaza madodoso. Malipo ni kwa kila dodoso.

Jioni moja yalibaki manne. Wenye nyumba hawakuwepo, bumu limeisha, kesho yake nina testi. Nikawaza, si nijaze tu mwenyewe? Nikajaza mawili. La tatu, kwenye mkuu wa kaya, nikaandika: mwanaume, miaka 52. Kalamu ikagoma. Jamani, nimemuumba mtu!

Usiku sikulala. Asubuhi nikamfuata mwalimu msimamizi, nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Kijana, mpango wa zahanati unaanzia kwenye karatasi kama hizi." Akayachana yale matatu, akanirudisha mtaani. Siku ile sikulipwa.

Jumamosi nikarudi. Ile nyumba ya tatu hakuna baba wa miaka 52. Yupo bibi mmoja na wajukuu watatu. Kwa kalamu yangu nilikuwa nimemfuta yule bibi.

Hapo ndipo nilipoielewa amri ya nane. Ushahidi wa uongo hautolewi mahakamani tu, hata dodoso ni ushahidi. Na kupokea malipo ya kazi ambayo hukuifanya? Hiyo ni amri ya saba.

Kanisa limetupa rafiki katika hili, Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Alichunguza mimea na wanyama kwa makini, na mwaka 1941 Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa wanasayansi. Sikukuu yake ni tarehe 15 Novemba.

Wiki hii soma Luka 16:10, kisha jiulize: ni wapi najaza nisichokiona? Kwenye ripoti ya maabara? Kwenye mahudhurio ya rafiki? Ukikuta umeanguka, nenda kaungame, halafu rudi ukarekebishe.

Mtakatifu Alberto Mkuu, utuombee.