Nyota Tano, Chaja Feki: Jinsi ya Kumsoma Muuzaji Kabla ya Kulipa

Swali hili hutufikia sana kutoka Malindi, Watamu na Gede: "Nilinunua chaja mtandaoni kwa muuzaji mwenye nyota 4.6, imekufa baada ya wiki tatu. Mtanirudishia pesa zangu?" Mara nyingi jibu letu halimfurahishi mteja, na tutaeleza kwa nini hapo chini. Lakini kwanza tuongee kuhusu hizo nyota, maana uamuzi wa kununua ulifanyika hapo, kabla hata PIN haijabonyezwa.

Mtu wa Nairobi anaweza kwenda Luthuli Avenue, akaishika chaja, akaichomeka palepale dukani na kuvutana bei. Wewe uliye Barani au Maweni unaona picha tu, muuzaji yuko Nairobi au Mombasa, na mzigo unakuja na basi. Unaushika kwa mara ya kwanza ukiwa tayari umelipa. Kwa hivyo nyota na maoni ya wanunuzi wengine ndiyo macho yako. Hakuna ubaya kuyatumia. Ila macho hayo huona mambo fulani tu, na mengine hayaoni kabisa.

Nyota hutolewa siku gani?

Watu wengi hutoa nyota siku mzigo unapofika, au siku mbili tatu baadaye, wanapotumiwa ujumbe wa kuombwa maoni. Siku hiyo mnunuzi anajua nini? Anajua mzigo ulifika, haukuchelewa, rangi ni ile aliyoagiza, na simu inaonyesha inachaji. Anatoa nyota tano na wala hajadanganya. Lakini bidhaa feki nyingi huwa nzuri kwa wiki ya kwanza.

Chukua memori kadi. Kadi feki imeandikwa GB 512, na ukiiweka kwenye simu, simu nayo inasoma GB 512, kwa sababu aliyeitengeneza ameichezea programu ndogo iliyo ndani yake ili itaje nafasi isiyokuwepo. Huenda ndani mna GB 16 au 32 peke yake. Tuseme wewe ni mpiga picha za harusi hapa Malindi. Kadi imekufikia Alhamisi, umepiga picha kadhaa za kujaribu, zote sawa, ukaandika "iko poa, imefika haraka" na kumpa muuzaji nyota tano. Jumamosi unarekodi harusi kuanzia asubuhi. Kadi inapita kiwango chake cha kweli bila kukuonya, inaendelea kujifanya inahifadhi. Usiku ukifungua faili nyumbani, hazifunguki, au za asubuhi zimefutwa na za jioni. Utamwambia nini bibi harusi? Na nyota zako tano bado ziko pale kwenye ukurasa wa muuzaji, zinamvuta mnunuzi mwengine kule Kilifi.

Chaja ni hatari zaidi, maana hapo si picha tu zinazopotea. Kazi yake ni kuchukua stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuishusha hadi volti chache za simu. Ndani ya chaja nzuri kuna nafasi na kinga inayotenganisha upande wa stima kali na upande wa simu. Mwenye kutengeneza feki huokoa pesa hapohapo, mahali ambapo huwezi kuona. Mwaka 2016, maafisa wa viwango vya biashara Uingereza walipeleka maabara chaja 400 bandia za Apple zilizonunuliwa mtandaoni kutoka nchi 8. Zilizofaulu kipimo cha kinga ya umeme zilikuwa 3 tu. Mwaka huohuo Apple yenyewe iliieleza mahakama ya Marekani kwamba karibu asilimia 90 ya chaja na kebo ilizonunua Amazon ili kuzichunguza, zikiwa zimetangazwa kuwa halisi, zilikuwa bandia. Wanunuzi wa chaja kama hizo waliandika maoni pia, na simu zao zilikuwa zinachaji.

Wastani huficha wachache

Piga hesabu hii. Wanunuzi 100 wametoa maoni. 88 wametoa nyota 5, na 12 wametoa nyota 1 kwa sababu chaja ilipata moto au ilikufa. Jumla ni nyota 452, wastani 4.5. Kwenye skrini inaonekana ni muuzaji mzuri tu, lakini kati ya kila wanunuzi 8, karibu mmoja ameumia. Je, ungepanda matatu ambayo safari moja kati ya nane inaishia mtaroni?

Ndiyo maana tunashauri uanze na maoni mabaya. Masoko mengi yana kitufe cha kupanga maoni. Yapange ya nyota 1 na 2 yaje juu. Ukikuta wanalalamikia rangi au kuchelewa, hilo ni jambo dogo. Ukikuta maneno kama "inapata moto", "inachaji polepole", "imekufa baada ya mwezi", hata kama ni watu watano tu, ondoka. Hao ndio walioitumia muda wa kutosha kujua.

Angalia pia kama maoni yanazungumzia kitu hichohicho. Wako wauzaji wanaochukua ukurasa wa kava uliokusanya sifa nyingi, wakabadilisha picha na jina na kuweka pawa benki. Nyota zinabaki. Ukisoma maoni ya mwaka jana unakuta watu wanasifu kava "imekaa vizuri kwenye simu yangu", na wewe unanunua betri! Maoni ya kununuliwa yapo vilevile, tena ni tatizo la dunia nzima: Marekani ilianza Oktoba 2024 kutumia kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo. Maoni kumi yaliyoandikwa siku moja, yote mafupi, yote yanasema "ori kabisa", yachukue kama matangazo.

Kwa pawa benki, namba iliyoandikwa inatosha kukuonya. Betri moja ya duara ya aina inayotumika sana humo ndani, hata ile bora, hubeba takriban mAh 3,500. Pawa benki inayoingia kwenye kiganja na kuandikwa mAh 50,000 ingehitaji betri kama hizo zaidi ya kumi na nne. Zimekaa wapi?

Simu tunaweza kuikagua kwa kubonyeza *#06# na kupata nambari ya IMEI, na wengi wetu tunakumbuka simu feki zilivyozimwa nchini mwishoni mwa Septemba 2012. Chaja, kebo na iafoni hazina IMEI. Hakuna wa kuzizima.

Sasa, pesa

Tumeahidi kueleza kuhusu kurudishiwa. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya makosa, kwa mfano umetuma kwa nambari isiyo yako. Ukinunua kitu, ukaingiza nambari sahihi na kiasi sahihi, kwetu sisi malipo hayo ni halali. Hatuna uwezo wa kufungua chaja na kuamua ni ya nani. Na kama pesa zilikwenda kwa nambari ya mtu binafsi, akazitoa kwa wakala dakika kumi baadaye, kwenye akaunti hakuna cha kushikilia.

Kwa hivyo ulinzi wako uko kabla ya kulipa. Ukiona chaja kwenye soko la mtandaoni, na muuzaji akakuandikia, "Dada, tumalizane WhatsApp, nikupunguzie mia mbili," jua unaombwa utoke mahali penye kumbukumbu ya ununuzi wako na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Nyota ulizoziamini ziko kule, na malalamiko yako hayatafika huko. Mia mbili ni bei ndogo sana kwa ulinzi wote huo. Mjibu tu kwa heshima: "Asante kaka, nitalipia hapohapo kwenye soko."

Kama kuna nafasi ya kulipa mzigo ukifika, itumie. Uliza mapema kama unaruhusiwa kufungua kabla ya kulipa, maana sehemu nyingine hukataa. Ofisi ya basi nayo ni ya kubeba tu: inakukabidhi mzigo, haijui kilichomo na haishiki pesa zako. Ukilipa kwa Till au Paybill, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Duka linaloitwa hivi mtandaoni, likawa na jina la mtu mwengine kabisa kwenye malipo, lieleze kwanza. Pengine kuna sababu nzuri. Lisipoeleza, usilipe. Hifadhi ujumbe wa malipo na picha ya skrini ya tangazo, hasa pale palipoandikwa "halisi" au "orijino".

Kisha itese bidhaa ndani ya siku za kurudisha. Memori kadi, ijaze yote kwa video halafu ufungue ya kwanza na ya mwisho. Chaja, itumie mchana ukiwa macho, iguse baada ya nusu saa. Joto la kawaida ni sawa, lakini ikikufanya uondoe mkono, ichomoe. Usiilaze kitandani wala kuiacha usiku kabla hujaijua. Stima ikicheza, kama inavyocheza huku kwetu, chaja dhaifu ndiyo huumia kwanza.

Bidhaa za ndani zenye alama ya ubora ya KEBS unaweza kuzikagua kwa kutuma SM# na nambari ya kibali kwenda 20023. Ukiwa na ushahidi kwamba umeuziwa feki, Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ina ofisi Mombasa, na kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008. Peleka risiti, picha na chaja yenyewe. Usiitupe kwa hasira.

Na nyota zako usizitoe siku ya kwanza. Ngoja mwezi, au kama ulishatoa, rudi ubadilishe pale soko linaporuhusu. Andika kama unavyomwambia jirani: "Nimetumia wiki tano kwa simu ya Samsung. Kebo imeanza kulegea upande wa simu, chaja haipati moto. Mzigo ulifika Malindi siku ya pili."