Redio ya Babu Imenyamaza? Ifufue Mwenyewe

Kuanzia Tukuyu hadi Kilolo, nyumba nyingi bado zina redio ya zamani juu ya kabati au darini. Nyingine ni National kutoka kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, nyingine ni Philips za Arusha. Redio za kizazi hicho ndizo zilizowakusanya wanakijiji mwaka 1973 kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakiwa kwenye vikundi vyao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Redio hizo zilitengenezwa ili zifunguke na kutengenezeka tena: skrubu unaziona, waya unaufuata kwa kidole. Ninachosisitiza ni kimoja tu. Ifufue, lakini badilisha vichache iwezekanavyo.

1. Kwanza jua ni redio ya aina gani

Kama ina waya wa umeme na ndani kuna taa za glasi, usiifungue peke yako. Baadhi ya redio hizo chasisi yake imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee fundi mzee mwenye uzoefu nazo, wapo. Ya kujifunzia nyumbani ni redio ya transista inayotumia betri. Mawe sita makubwa ni volti 9 tu.

2. Soma bendi zake kabla ya kuilaumu

Redio nyingi za enzi hizo zina masafa ya kati na masafa mafupi basi, na stesheni nyingi tunazosikiliza leo ziko FM. Kwa hiyo ukimya si lazima uwe ugonjwa. Iwashe, ongeza sauti, sikiliza kama inatoa ule mvumo wa "shhh". Kisha iweke kwenye masafa ya kati na usogeze karibu chaja ya simu iliyochomekwa ukutani. Ikianza kunguruma, sehemu kubwa ya redio hiyo ni nzima. Masafa mafupi yajaribu usiku, ndipo stesheni za mbali hufika vizuri. Na kama ina FM, angalia namba ya mwisho: redio za zamani za Ulaya huweza kuishia 100 au 104, wakati stesheni zetu zinafika hadi 108.

3. Piga picha kila hatua

Simu unayo. Kila skrubu na kila waya, picha kwanza, mkono baadaye.

4. Anzia kwenye nyumba ya betri

Hapa ndipo redio nyingi zilipofia. Ukifungua mlango wa betri utakuta springi zimevaa ukoko wa kijani na unga mweupe, kwa sababu mtu alisahau mawe ndani miaka mingi iliyopita. Mawe ya kawaida, yale ya zinki na kaboni, huvuja kitu chenye asidi. Dawa yake iko jikoni: koroga magadi kidogo, yale yale ya kulainishia maharage, kwenye maji ya uvuguvugu, chovya mswaki wa zamani, sugua taratibu hadi povu liishe. Betri za alkalini zikivuja mambo ni kinyume, hizo zinataka limau au siki. Kwa vyovyote vile mswaki uwe na unyevu tu, usichuruzike. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke kabisa, kisha pitisha msasa laini juu ya springi mpaka chuma king'ae.

Usiishie hapo. Fuata waya unaotoka kwenye springi, maana uchafu huo hupanda ndani ya ganda lake bila kuonekana. Kata ncha kidogo uangalie: shaba ikiwa nyekundu na inang'aa, waya ni mzima. Ikiwa nyeusi, badilisha waya wote. Watu hununua vifaa vya bei kubwa kumbe umeme wenyewe haujawahi kufika kwenye saketi.

5. Iringa vumbi, Rungwe unyevu

Redio iliyokaa Iringa au Isimani imejaa vumbi jekundu. Lipeperushe kwa brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli, usitumie maji. Iliyokaa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, shida yake ni kutu na ukungu. Iache wazi siku kadhaa kwenye chumba kikavu, mbali na jiko la mkaa, kabla ya kuweka betri. Na uwe makini na ile fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati, na ikianguka sakafuni inavunjika vipande.

6. Sauti inayokwaruza

Ukizungusha sauti ikakwaruza, tatizo ni uchafu ndani ya swichi ya sauti. Pulizia dawa ya kusafishia swichi, izungushe mbele na nyuma mara nyingi, subiri ikauke. Mafuta ya kula na mafuta ya taa hayafai kabisa, yanakusanya vumbi upya.

7. Kapasita: chache, na kwa mpangilio

Vile vikopo vidogo vya alumini hukauka ndani kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana redio huanza kusema kwa sauti dhaifu au kuunguruma. Anza na zile za upande wa betri na spika. Nunua mpya, usichukue za kuchomoa kwenye redio nyingine iliyokufa, maana hizo nazo zimezeeka. Mikrofaradi zifanane na za zamani, volti ziwe sawa au zaidi, na upande wenye alama ya kutoa ukae pale pale ulipokuwa. Utazipata kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Mashine Tatu, Iringa, ukienda na ile ya zamani mkononi.

Badilisha moja, sikiliza, ndipo uende nyingine. Ukizing'oa zote kwa mkupuo na redio ikakataa, hutajua kosa liko wapi. Unapolehemu karibu na transista za zamani za jerimani (germanium), shika mguu wake kwa koleo ndogo ili joto liishie hapo, kwani transista hizo huharibiwa haraka na joto.

8. Usiguse skrubu za rangi

Kwenye redio nyingi za Kijapani utaona visanduku vidogo vya bati vyenye skrubu nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Vinavutia sana kuvizungusha. Viache! Vilipangwa kiwandani kwa vipimo, na ukivivuruga redio nzima itakosa usikivu hadi fundi mwenye mashine aipange upya.

9. Mshale usiotembea

Uzi wake umekatika au umelegea. Chora njia yake kwenye karatasi kabla hujautoa, pamoja na idadi ya mizunguko kwenye mhimili. Uzi mpya uwe wa kusokotwa, mwembamba na mgumu. Uzi wa mshipi wa kuvulia unateleza na kuvutika, mshale utabaki nyuma ya kidole chako.

10. Spika iliyochanika

Chukua mfuko mmoja wa majani ya chai, ya Mufindi au ya Rungwe, umwage majani, ukate kipande cha ile karatasi. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, bandika juu ya mpasuko, paka tena kidogo sana. Karatasi hiyo ni nyepesi na ina nyuzi imara, kwa hiyo spika inaendelea kutikisika kama kawaida. Kiraka kinene kinaziba sauti.

11. Kasha na kioo

Plastiki ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Petroli na tina huiyeyusha. Mbao iliyochakaa ipake nta, na kabla ya kuipiga msasa fikiri mara mbili: rangi iliyofifia ni ya redio hiyo, vanishi mpya ni ya duka. Kile kioo chenye namba na majina ya miji usikipitishe spiriti upande wenye maandishi, yatatoka yote na hayarudi. Kitambaa kikavu kinatosha.

12. Ikiwa unataka nyimbo za simu

Fundi anaweza kuunga waya wa simu kwenye swichi ya sauti bila kutoboa kasha, kwa redio ya betri tu. Mwambie wazi kwamba hutaki tundu jipya.

13. Weka kumbukumbu

Vifaa ulivyovitoa vitie kwenye bahasha ndani ya kasha, na uandike umebadilisha nini na mwaka gani. Usipoitumia redio kwa wiki kadhaa, toa mawe.

Kama kwenu ipo moja darini, iteremshe kabla mvua za Novemba hazijaanza, na kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajapita mtaani. Wao wanailipia uzito wake tu.