Mafunzo Niliyopata kwa Mbwa Aliyeitwa Hayakuhusu

Vijana wanaopita kwangu Bigwa, hapa Morogoro, kuulizia habari za mbwa wadogo wamezidi siku hizi. Baadhi yao niliwafundisha darasa la tatu. Sasa wana kazi zao, wana nyumba Kihonda au Nanenane, na hawatafuti mbwa wa kubwekea wezi. Wanatafuta mbwa wa kukaa naye. Wanauliza bei, chakula, na kama anatafuna viatu (anatafuna). Habari ya mwisho wake hakuna anayeiuliza, wala mimi sikuiuliza wakati wangu. Haya ndiyo ninayowajibu wakikubali kukaa wanywe chai.

1. Jina utaliita mbele za watu

Mbwa wangu alikuja ndani ya kikapu cha sokoni, chotara wa miguu mifupi, sikio moja limesimama, la pili limelala. Siku hizo nilikuwa na jirani aliyependa kujua tumepika nini, na wazee wetu walikuwa na desturi ya kumpa mbwa jina la kuwasema watu. Nikamwita Hayakuhusu. Nilijiona mwerevu kweli. Jirani akahama kabla mbwa hajalizoea jina lake, nikabaki nalo mimi.

Siku ya chanjo, chini ya mwembe karibu na ofisi ya kata, kijana mwenye daftari akaniuliza, "Mama, mbwa anaitwa nani?" Nikamjibu. Akaweka kalamu chini. "Samahani mama, shikamoo. Mimi nimeagizwa tu kuandika." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Watoto walilifupisha wakamwita Haya, na ndilo alilokufa nalo. Wewe chagua jina utakaloweza kulipigia kelele barabarani saa nne usiku, maana usiku huo utafika.

2. Chanjo haingoji mbwa akue

Siku ya mwembe tulikuwa tumechelewa sana. Hoja yangu ilikuwa kwamba mbwa ni mdogo, analala ndani, hatoki getini, sasa kichaa cha mbwa kitampatia wapi? Halafu binti yangu wa mwisho akaingia jikoni na alama za meno kidoleni. Yeye na Haya walikuwa wakinyang'anyana kandambili. Damu yenyewe tone moja. Nikampaka dawa ya vidonda, nikaendelea kusonga ugali.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgeni wetu ndiye aliyemvuta mtoto hadi bombani. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, mtoto analia, mimi naona aibu. Kisha hospitali, sindano, na agizo la kumwangalia mbwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, basi siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Mwenye kichaa hushindwa kumeza, kwa hiyo kila Haya alipoinamia bakuli la maji nilisimama mlangoni kumsikiliza anavyokunywa.

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na zaidi ya asilimia 99 ya wanaoupata huambukizwa na mbwa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ukisahau tarehe, shika 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyetuletea chanjo yenyewe.

3. Usimfunge mnyororo

Mvua za masika zikianza kushuka kutoka Uluguru, siafu nao huhama. Jambo hili kila mtu wa Morogoro analijua, mimi nikiwemo. Hata hivyo usiku mmoja tulimfunga Haya kwenye nguzo ya banda la kuku kama adhabu, kwa kuwa alikuwa ametafuna kiatu cha kanisani cha mume wangu.

Alipoanza kulia tulidhani anadeka. Kilio kilipobadilika tulitoka na tochi. Ardhi ilikuwa inatembea. Haya alikuwa amejizungusha kwenye nguzo hadi mnyororo ukaisha, ameinua mguu mmoja, anaushusha, anauinua mwingine. Mume wangu akaingia miguu mitupu, akamfungua, akatoka mbio, akaivua suruali pale pale chini ya taa ya barazani huku akirukaruka. Waliochungulia dirishani walichungulia. Yeye mwenyewe hapendi niisimulie hadithi hii, ndiyo maana naisimulia.

Tulikaa sakafuni jikoni hadi majogoo wa jirani wakawika. Wa kwetu hawakuwika tena. Siafu ukimvuta, kiwiliwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ata. Ilibidi nichukue kikoleo changu cha nyusi, nipanue vidole vya Haya kimoja kimoja, nibane kila kichwa. Alikuwa akitetemeka, na kila nilipomaliza mguu mmoja aliutoa mwenyewe mguu wa pili. Hilo lilinishangaza kuliko yote ya usiku ule. Sisi ndio tuliomfunga, lakini hakuwa na shaka hata kidogo kwamba tutamtoa.

Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia siafu, moto wala swila. Tengeneza uzio, au mlaze ndani. Mnyororo wetu ulipata kazi ya kufungia geti.

4. Kupe, na mifupa ya kuku

Hapa sina hadithi ndefu. Kila mkitoka matembezi ya milimani, hata kama mmeishia Choma tu na hamkufika Morningside, mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe hubeba magonjwa ya damu, na mbwa mdogo hana damu ya kupoteza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, usimpe. Ugali na dagaa anakula vizuri, ila punguza chumvi.

5. Nusu ya kufuga mbwa ni ujirani

Mzee wa nyumba ya pili ni mtu wa swala tano. Waislamu wengi wa huku hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nimezaliwa na kukulia katikati yao, Mkatoliki mzima, na jambo hili nilikuwa nalijua nusunusu. Nililijua lote Ijumaa Haya alipochomoka getini akamrukia mzee anakwenda msikitini, akamlamba kanzu hadi magotini. Mzee akageuka kurudi nyumbani. Swala ya Ijumaa ikampita.

Jioni tulikwenda mimi na mume wangu kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumtetea mbwa, maana nilijua tutaambiwa tumwondoe.

"Mwalimu," mzee akasema, "mimi sina ugomvi na kiumbe. Nina ugomvi na geti lako."

Fundi alikuja kesho yake. Na kiangazi kilichofuata nikaona kigae cha maji kimewekwa nje ya ukuta wa mzee, upande wa kivuli. Nilipomshukuru akanikumbusha yale yaliyosimuliwa na Mtume, ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Hakuwahi kumgusa Haya, na Haya alijifunza kumpita kwa mbali.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mbwa, kagua geti. Uliza kelele zitamfikia nani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Kinyesi ni chako, hata kikiwa mbele ya nyumba ya mtu.

6. Uzee huonekana kama utundu

Mbwa wadogo huishi muda mrefu kuliko wakubwa, wengi hufika miaka 12 na zaidi, na miaka hiyo inakulevya. Unasahau kwamba aliyelala kwenye zulia ni mzee kukuzidi.

Haya alianza kukojoa sebuleni. Nilimfokea. Nikasema ana kiburi, ananilipizia kwa kuwa wajukuu wamekuja. Akawa anamaliza bakuli la maji na kudai lingine, nikasema ni joto la Januari. Akakonda, nikamsifu kwa kuacha uroho. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na nilikuwa wa kwanza kuwaambia wazazi kwamba mtoto akibadilika ghafla mwulize anaumwa wapi. Kwa mbwa wangu somo hilo halikunijia.

Vipimo vya damu na mkojo vilionyesha figo. Daktari alinieleza kwamba figo hazilalamiki mapema. Dalili zikionekana, sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Wenye mbwa mjini hapa tuna bahati tusiyoitumia: SUA, chuo kilichopewa jina la Edward Sokoine mwaka 1984, ndicho kinachofundisha madaktari wa wanyama wa nchi hii, na wengine wanafanya kazi mitaani kwetu. Mbwa wako akivuka miaka minane, mpeleke kupimwa hata akiwa anaruka. Akibadili tabia, anza na daktari, kufoka kutakuja baadaye kama kuna haja.

7. Kuaga nako kunapangwa

Dawa na chakula maalumu vilimpa muda. Kisha akaacha kula, akawa anatapika, akatafuta pembe za giza. Daktari akasema tunaweza kumpumzisha kwa sindano. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, nami siku zote nilidhani inawahusu wenye kupiga punda. Sikuwahi kufikiri kwamba kumvutia mtu siku kwa sababu mimi siko tayari nako kuna jina lake. (Nimeandika "mtu". Nitaliacha.)

Nilikuwa nimewapangia wajukuu uongo kwamba Haya amepelekwa kwa ndugu zetu Mgeta kupunga hewa baridi. Mdogo wao akatuwahi mezani: "Mtamuua?" Mume wangu akamjibu, "Ndiyo. Anaumwa sana na haponi." Nilingoja kilio. Mtoto akauliza kama ataruhusiwa kushika lile sikio lililolala. Akaruhusiwa.

Yapo mambo ambayo hakuna aliyeniambia, basi nakwambia. Sindano ya kwanza ni ya kumlegeza, ya pili ni dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hayafumbi. Huenda akavuta pumzi moja baada ya daktari kusema tayari, na mkojo ukatoka. Hayo ni mwili tu. Tandika kitambaa, na mlipe daktari mapema ili usihesabu pesa huku unalia.

Shimo liwe refu. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa au ndege atakayeufukua mzoga akala naye hufa. Mume wangu alikwama kwenye mizizi ya mwembe. Mzee wa nyumba ya pili alikuja na jembe lake bila kuitwa, akachimba hadi kiunoni, akasalimia, akaenda zake.

8. Watakaocheka waache wacheke

Wiki hiyo niliambiwa sokoni kwamba mwanamke mzima hamlilii mbwa wakati watu wanazika watu. Mmoja akaniletea kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni kunifuta machozi. Nilimrudishia; alikuwa na nia njema, lakini nilikuwa namwona mgeni yule kama mwizi wa bakuli. Ukitaka mwingine chukua, ila ngoja mpaka uweze kumwona alivyo.

Shemeji yangu ndiye aliyecheka zaidi. Nikamuuliza kama anamjua Magawa. Hamjui. Nikamwambia Magawa alikuwa panya buku, mzaliwa wa nchi hii wa mwaka 2013, aliyefunzwa na shirika la APOPO hapa hapa Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafishwa 2021 alipoanza kuchoka, na alipokufa Januari 2022 magazeti ya dunia yalimwandikia tanzia. Kama watu wazima wa London waliomboleza panya wetu, mimi nashindwaje na mbwa niliyemlea?

Shemeji akakaa kimya muda mrefu, nikajua neno limemwingia. Kisha akauliza dhahabu yenyewe ilikuwa gramu ngapi, na sasa anayo nani.