Nakili Kwanza, Futa Baadaye: Kuhamishia Nyimbo, Picha na Video za Nyumbani kwenye Diski ya Nje

Kompyuta ina amri mbili zinazokaa bega kwa bega: kukata na kunakili. Ukikata faili na kuibandika kwenye diski ya nje, kompyuta huipeleka kisha huifuta ilikotoka. Ukiinakili, ile ya awali hubaki palepale. Wengi wetu hukata, kwa sababu simu imejaa na tunataka nafasi upesi. Hapa Ndanai, upande wa Sotik, stima inaweza kupotea mara mbili tatu katika alasiri moja ya mvua, na safari ya faili ikikatizwa katikati, kilichokuwa njiani hakina uhakika wa kufika wala wa kurudi.

Niliyajua haya nikiwa nimechelewa. Nilikata folda ya video za koito (sherehe ya mahari) ya dada yangu, kebo ikalegea kabla kazi haijaisha, na video tatu za mwisho hazikufunguka tena, si kwenye laptopu wala kwenye diski. Katika mojawapo alikuwa anazungumza mzee wa ukoo ambaye sasa hatunaye. Ndiyo maana naandika maelezo haya kwa urefu.

Kabla ya kununua diski, jua kwanza una nini. Nyumba nyingi za upande huu wa Sotik zina maktaba bila kujua: simu tatu au nne, memori kadi za simu zilizokufa, flashi zilizojazwa nyimbo dukani, DVD za harusi na harambee, na kwenye sanduku la juu ya kabati, kaseti za Kipchamba arap Tapotuk na Koilonget Band zikiwa zimechanganyika na kaseti ambazo baba alirekodi mwenyewe. Vitu hivi havina uzito sawa. Wimbo uliowahi kuuzwa madukani unaweza kuupata tena kwa mtu mwingine. Sauti ya kogo, yaani bibi, akisimulia walikotoka walipohamia huku, au kwaya ya kanisa lenu ya mwaka 1988, iko kwako peke yako. Anza na kisicho na nakala nyingine popote.

Kisha kadiria ukubwa. Picha moja ya simu ya kawaida huwa kati ya MB 3 na 5, kwa hiyo picha 5,000 zitachukua GB 15 hadi 25. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Dakika moja ya video safi ya simu inaweza kufika MB 100 na zaidi. Familia nyingi zitatoshwa na diski ya TB 1, na nafasi ikabaki ya miaka ijayo. Usishtuke ukiichomeka na kompyuta ikakuonyesha 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, na tofauti hiyo huongezeka kila unapopanda ngazi.

Wizi wenyewe uko kwingine. Kuna flashi na diski zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa TB 2 au hata 16. Ndani yake mna chipu ndogo iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili, majina ya faili yataonekana yote, lakini nafasi halisi ikishajaa, mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotelea hewani. Hutajua hadi siku utakapotaka kuzifungua. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski tupu hadi mwisho kisha huisoma tena ione kama kila kitu kimerudi kama kilivyoandikwa. Kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, lakini ifanye kabla ya kuikabidhi diski sauti ya mtu.

Kuhusu aina, diski zenye sahani inayozunguka ndizo nafuu kwa kuhifadhi vitu vingi. Zile za SSD hazina kinachozunguka, hivyo hustahimili kuanguka na huwa na kasi zaidi, ila bei yake iko juu na hazipendi kusahauliwa miaka mingi bila kupata umeme. Kwa maktaba ya nyumbani inayofunguliwa mara chache, mimi ningenunua mbili za kuzunguka kabla ya SSD moja. Sababu yake nitaifikia.

Diski ikiwa mpya, angalia imepangwa kwa mfumo gani wa faili. FAT32 husomwa na karibu kila kitu, hata redio ya gari, lakini haipokei faili moja inayofika GB 4. Ndiyo maana video ndefu ya harusi hukataliwa hata kama diski ni tupu. NTFS ni ya Windows, na kompyuta za Apple kwa kawaida huisoma tu bila kuiandikia. exFAT hukubaliwa na pande zote mbili na haina kikwazo hicho cha GB 4, kwa hiyo ndiyo ninayoishauri. Kubadilisha mfumo hufuta kila kitu kilichomo, hivyo ufanye mwanzoni kabisa.

Sasa kukusanya. Simu iunganishe na laptopu kwa kebo, kisha kwenye skrini ya simu chagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu. Ikiwa kompyuta haioni chochote, jaribu kebo nyingine, kwa maana kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za chaji peke yake. Picha za kamera ziko kwenye folda ya DCIM. Za WhatsApp, kwenye simu za Android za siku hizi, zimefichika ndani ya folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, humo utakuta pia jumbe za sauti, ambazo watu huzisahau, nazo mara nyingi ndizo sauti pekee zilizobaki za mtu aliyefariki. Kumbuka WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapozituma. Kama binamu yako wa Nairobi ana picha za awali za mazishi au harusi, mwombe azitume kama hati, au akija likizo alete flashi.

DVD ya harusi ikifunguliwa kwenye kompyuta huonyesha folda ya VIDEO_TS yenye faili kadhaa zisizozidi GB 1 kila moja. Nakili folda yote nzima, usichague vipande. DVD za kuchoma nyumbani huharibika ndani ya miaka michache zikikaa mahali pabaya, kwa hiyo usizipe muda.

Kaseti zinahitaji subira zaidi. Tafuta redio ya kaseti inayofanya kazi, safisha kichwa chake kwa pamba yenye spiriti, unganisha tundu lake la vichwa-sauti na tundu la maikrofoni au la kuingizia sauti la kompyuta, halafu urekodi kwa programu ya bure ya Audacity. Cheza dakika moja kwanza ukipima sauti isipande hadi kukwaruza. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60; hakuna njia ya mkato. Hifadhi kwa WAV, ambayo ni kama MB 10 kwa dakika, yaani takriban MB 600 kwa kaseti nzima. Ya MP3 tengeneza baadaye kutoka humo kwa ajili ya kusikilizia kwenye simu. Kaseti yenye ukungu mweupe, na huku kwetu kwenye baridi na unyevu zipo nyingi, usiichezeshe mpaka isafishwe, kwa sababu ukungu huo huhamia kwenye redio na kuambukiza kaseti nyingine.

Na unaporekodi, andika nani anaimba. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet na mitambo yake na kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwake kuna zile za Chemirocha, jina lililozaliwa kutokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Rekodi hizo zikakaa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Mwaka 2015, miaka 65 baada ya siku ile, nakala zilirudishwa Kapkatet, Ketebul Music ya Nairobi ikiwa miongoni mwa walioshirikiana katika kazi hiyo. Ziliweza kurudi kwa sababu zilitunzwa, na pia kwa sababu Tracey aliandika mahali, tarehe na majina. Ule wimbo maarufu zaidi una jina la Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Rekodi isiyo na jina ingerudi kwa nani?

Basi faili inayoitwa VID-0043 ipe jina linalosema: 2016-12-koito-Ndanai-wazee. Ukianza na mwaka, kisha mwezi, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa miaka. Katika kila folda weka faili moja fupi ya maandishi inayotaja walio kwenye picha kutoka kushoto, wanaotoa hotuba, na wimbo ulivyoanza. Hili huwezi kulifanya peke yako. Kaa na mama au shangazi jioni mbili tatu, mpitie picha pamoja naye akitaja majina. Na akikubali, mrekodi anavyoyataja.

Siku ya kunakili, anza asubuhi. Katika nchi yetu hii ya chai na ng'ombe, ngurumo na mvua ya mawe huja hasa alasiri, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unapopanda milimani. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, na ikianza kunguruma chomoa waya wa stima ukutani, kazi iendelee kwa betri. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ni ya kuogopwa kwa kazi hii. Chomeka diski kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la bluu: GB 200 zinazochukua kama nusu saa huko, zitachukua saa moja na nusu au zaidi kwenye tundu la zamani. Diski iwe juu ya meza, mahali ambapo mtoto hawezi kuvuta kebo. Ndani yake kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na kugongwa kidogo inapozunguka kunatosha kuiua.

Nakili folda moja moja. Ikimalizika, tazama sifa za folda ya awali na za nakala: idadi ya faili na idadi ya baiti lazima zilingane kabisa. Kisha fungua faili kadhaa ukiwa kwenye diski yenyewe, za mwanzo, za kati na za mwisho, na video uisogeze hadi dakika zake za mwisho. Toa diski kwa ile amri ya kuiondoa salama, ichomoe, ichomeke tena, ufungue tena. Hadi hapo bado hujafuta chochote kwenye simu.

Wala usifute bado. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliweka kanuni ambayo watunza kumbukumbu wengi huifuata: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida huku, hata mbili zikiwa katika nyumba mbili ni hatua kubwa. Ndiyo maana nilisema diski mbili. Moja ibaki kwako, ya pili ikae kwa dada aliyeolewa Kericho au kaka anayefanya kazi Nakuru, kwa sababu moto, mwizi na paa linalovuja havichagui sanduku. Ya pili ikishafika na kufunguka huko, sasa unaweza kufuta kwenye simu.

Diski kuu usiipeleke saiba wala duka la filamu. Akihitaji mtu wimbo, mpe kwenye flashi. Flashi ikirudi na folda zote zimegeuka njia za mkato zisizofunguka, hicho ni kirusi, na mara nyingi faili zako bado zimo, zimefichwa tu. Usikubali mtu aifomati, mtafute anayejua kuzifichua. Vilevile tenga folda ya mambo yasiyo ya kila sikio, kama vile picha za vitambulisho, barua za hospitali, na nyimbo za tumdo (jando na unyago) ambazo wenyewe hawaziimbi hadharani. Hizo zisiingie kwenye diski inayopitishwa mkono kwa mkono.

Diski isiyotumika ifunge katika mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mbali na jiko na ukuta wenye maji. Kwenye bodaboda isafiri ndani ya nguo katikati ya mkoba, si kwenye mfuko wa pembeni. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, ichomeke, fungua folda mbili tatu, watoto wasikilize. Bandika karatasi juu yake yenye mwaka ulipoinunua, maana ikifika miaka mitano hivi utaanza kutafuta ya kuirithi.