Chandarua Chako, Kinga ya Jirani

Wanachama wenzangu, wengi hudhani chandarua humkinga anayelala ndani yake tu. La hasha! Huko Asembo, Siaya, miaka ya 1990, baadhi ya vijiji viligawiwa vyandarua vyenye dawa, vingine vikangoja zamu. Matokeo yalipochapishwa 2003, watoto wasio na vyandarua waliokaa karibu na wenye navyo, kama mita 300 hivi, nao walikingika. Kwa nini? Vimelea huchukua siku kumi hivi kukomaa ndani ya mbu. Akigusa dawa mapema, anakufa kabla ya kumwambukiza mtu. Basi anayefunika miche ya sukumawiki kwa chandarua kipya (nimewaona, tena si wachache!) anamvua jirani kinga. Kilichoraruka, haya, kizungushie vifaranga.